Figo Yangu Tumboni mwa Kaka: Hotuba Juu ya Saiklofilini

Shikamooni wazee wangu. Na wengine wote, habari za jioni.

Mimi nina figo moja. Ya pili, ile ya kushoto, imo tumboni mwa kaka yangu, chini kabisa upande wa kulia, na akilala chali daktari huipapasa kwa vidole akaipata. Ndugu waliokuwepo kwenye vikao vya ukoo wanajua tulivyofika hapo. Vipimo vilisema kati ya watoto wote wa mama yetu mimi ndiye ninayefanana naye zaidi. Lakini kufanana si kuwa sawa. Tumenyonya ziwa moja, na hata hivyo seli zake za kinga zinaiona figo ile kuwa mgeni, na zitaendelea kuiona hivyo maisha yake yote. Kinachozizuia zisiivamie ni dawa anayomeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Dawa hiyo ni saiklosporini.

Jioni moja, tumekaa barazani, akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe si ndiye wa maabara? Hebu niambie. Hiki kidonge kikishapita kooni, kinajuaje askari wa kumnyamazisha?" Nikamjibu kwa maneno ya darasani. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali lilelile. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeikariri njia ya dawa, lakini sikuwa nimeielewa. Haya nitakayosema leo ndiyo jibu nililokuwa nadaiwa.

Jibu lenyewe, kwa ufupi, ni kwamba kidonge hakijui. Kikiingia ndani ya seli hakiendi moja kwa moja kupambana na mtu. Kinatafuta protini yetu wenyewe, protini ya kila siku, inayoitwa saiklofilini, kinajibana kifuani mwake, na hao wawili wakishashikana ndipo wanapata nguvu ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo peke yake. Pasipo protini hiyo, dawa ya kaka yangu ingepita mwilini kama maji ya mvua kwenye bati.

Nitasema mengi juu ya protini hii, kwa sababu nimeipenda. Lakini tuanzie mbali kidogo, kwenye udongo.

Mwaka 1969, mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya mjini Basel, Uswisi, alikuwa likizoni Norway, kwenye nyanda za juu za Hardangervidda. Kampuni ile ilikuwa na desturi ya kuwaomba wafanyakazi wake wakisafiri wachote udongo kidogo, waufunge kwenye mfuko, warudi nao. Nia ilikuwa kutafuta vijidudu vinavyotengeneza dawa. Katika udongo wa Hardangervidda walipata fangasi anayeitwa Tolypocladium inflatum, na katika fangasi huyo wakapata kemikali ndogo yenye umbo la pete, asidi amino 11, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, zimeshikana mikono kwa duara. Kwanza waliijaribu kama dawa ya kuua fangasi wengine, haikufika mbali. Ni mwaka 1972 ndipo maabara ya Basel, ambako walikuwa Hartmann Stähelin na Jean-François Borel, ilipoona kwamba pete hii inatuliza kinga ya mwili bila kuua seli ovyo, kama zilivyokuwa zikifanya dawa za wakati ule. Mwaka 1978 daktari mpasuaji Roy Calne wa Cambridge, Uingereza, akaanza kuwapa waliopandikizwa figo. Jaribio kubwa la Ulaya lililotangazwa mwaka 1983 lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, kwa waliotumia saiklosporini, figo 72 kati ya 100 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kwa waliotumia dawa za zamani, 52. Tofauti hiyo ya 20 ni watu. Ni watu waliorudi nyumbani badala ya kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Hapo dawa ilikuwa tayari inaokoa maisha, na bado hakuna aliyejua inavyofanya kazi.

Mwaka 1984 Robert Handschumacher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichukua tezi ya thaimasi ya ng'ombe, wakaisaga, wakatafuta ni kitu gani ndani yake kinachoing'ang'ania saiklosporini. Wakapata protini ndogo, wakaipa jina la saiklofilini, yaani mpenda saiklosporini. Jina hilo ni la heshima kwa dawa, lakini kwa protini naliona halikuitendea haki. Protini hii ilikuwepo mabilioni ya miaka kabla ya fangasi wa Norway kuchotwa na mtu. Imo kwenye hamira, imo kwenye mahindi, imo kwenye bakteria, imo kwako. Kumwita mtu kwa jina la mgeni aliyemtembelea mara moja ni kumkosea.

Na kazi yake halisi ilikuwa inagunduliwa mwaka huohuo, upande mwingine wa dunia ya wakati ule. Huko Halle, Ujerumani Mashariki, Gunter Fischer alikuwa akifanya utafiti kwa kutumia figo za nguruwe, na akapata kimeng'enya kinachogeuza viungo fulani vya protini. Watu wa Yale na watu wa Halle walikuwa wameshika mnyama mmoja, mmoja mkia na mwingine masikio. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika, kwa kazi ya Fischer na pia ya watafiti wa Kijapani, kwamba kimeng'enya cha Halle na mpenda saiklosporini wa Yale ni kitu kimoja.

Kugeuza viungo maana yake nini? Protini ni mnyororo wa asidi amino, na ili ifanye kazi sharti ikunjwe kwa umbo lake. Asidi amino nyingi hazina ubishi. Moja ni mkaidi, nayo ni prolini. Kiungo kilicho kabla ya prolini kinaweza kukaa kwa namna mbili, kuelekea huku au kule, na kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila msaada kunaweza kuchukua sekunde nyingi, hata dakika. Kwa seli hiyo ni safari ndefu. Ni kama bawaba iliyoshika kutu: mlango si mbovu, ila haufunguki. Saiklofilini ndiyo tone la mafuta kwenye bawaba. Inashika, inageuza, inaachia, inakwenda kwa nyingine.

Binadamu tuna saiklofilini 17. Ile kubwa kwa wingi, saiklofilini A, ina asidi amino 165 tu, na imejaa kwenye ute wa ndani ya seli kwa kiasi ambacho protini nyingi hazifikii. Saiklofilini B inakaa kwenye karakana ambamo seli hutengenezea protini za kupelekwa nje. D iko kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Nyingine sitazitaja, si kwa dharau.

Sasa turudi kwa kaka na kidonge chake. Seli T, mojawapo ya zile seli za kinga, ikikutana na seli ya figo yangu na kuitambua kuwa si ya nyumbani, chembe za kalsiamu hufurika ndani yake. Kalsiamu inaamsha kimeng'enya kinachoitwa kalsinyurini. Kalsinyurini inamwendea mjumbe anayeitwa NFAT, ambaye muda wote huo amekaa kwenye ute wa seli amebandikwa fosfeti kama mtu aliyefungwa nira, inamvua fosfeti zile, naye anakwenda kwenye kiini cha seli kufungua jeni za vita. Mojawapo ni jeni ya interlukini-2, ambayo ndiyo wito wa kuzaana. Seli moja inakuwa elfu, na elfu hizo ndizo zingeila figo.

Saiklosporini ikishakaa kwenye saiklofilini A, wawili hao wanakwenda kuikalia kalsinyurini mlangoni. Kalsinyurini inabaki hai lakini haimfikii NFAT. NFAT habanduliwi fosfeti. Kiini hakisikii lolote. Hayo yalionyeshwa mwaka 1991 na kundi la Stuart Schreiber wa Harvard, na naomba mwone jambo lililowashangaza wengi: kinachotuliza kinga si kule kuizuia saiklofilini isifanye kazi yake ya bawaba. Hiyo inazuiwa, ndiyo, lakini seli inavumilia. Hamira iliyoondolewa saiklofilini zake zote iliendelea kuishi. Kinachotuliza kinga ni ule umbile mpya, ule muungano. Na ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa panya. Panya waliozaliwa bila saiklofilini A walipopewa saiklosporini, kinga yao haikutulia ipasavyo. Dawa ilikuwepo, mshirika wake hakuwepo.

Panya walewale walionyesha na jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Walipoachwa bila dawa yoyote, walipata mzio wenyewe: seli T zao zilikuwa na hasira kupita kiasi, damu yao ikajaa kingamwili za mzio. Maana yake saiklofilini A, ikiwa ndani ya seli T, huwa inashika hatamu ya kimeng'enya kimoja kinachoitwa Itk. Inageuza prolini yake, na kwa kuigeuza inapunguza makali ya ishara. Kwa hiyo ndani ya seli protini hii ni mpole, na inafundisha upole.

Lakini huo upole ni wa ndani tu. Tukitoka nje ya seli tutaikuta ina tabia nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mwaka 1992 Barbara Sherry na wenzake huko New York walichukua makrofaji, yaani zile seli nyeupe zinazomeza uchafu na vijidudu, wakazichokoza kwa sumu ya ukuta wa bakteria, kisha wakachunguza zinatema nini. Miongoni mwa vilivyotemwa walikuta saiklofilini A. Protini iliyodhaniwa ni ya ndani peke yake ilikuwa imetoka nje ya nyumba. Na ilipotoka haikukaa kimya: iliwaita monositi na nyutrofili, askari wa mwanzo kufika kwenye jeraha, na kusababisha uvimbe. Protini ileile, bila kubadilishwa hata asidi amino moja. Kilichobadilika ni mahali.

Nilipolielewa hili nilimpigia kaka simu usiku. Alidhani kuna msiba.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1991, Geneviève Spik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lille, Ufaransa, walikuwa wameikuta saiklofilini nyingine, ile ya B, ndani ya maziwa ya mama. Maziwa ya mama! Mimi na kaka yangu tumeinywa kwenye ziwa lilelile kabla hatujajua kutembea. Watu wa Lille wakajiuliza swali la kawaida kabisa: kama protini hii inasafiri nje ya seli, ikifika kwenye seli nyingine inashika wapi? Swali hilo liliwachukua zaidi ya miaka kumi na mitano, na jibu lake ni zuri mno kiasi kwamba nitaomba dakika zenu.

Tumezoea kuchorewa seli kama puto laini. Seli si puto. Imezungukwa na ua. Kwenye utando wake zimesimama protini, na juu ya baadhi ya protini hizo zimening'inia minyororo mirefu ya sukari iliyobandikwa salfeti nyingi zenye chaji hasi. Minyororo hiyo inaitwa heparani salfeti. Nyumbani kwetu tulikozaliwa ua ulikuwa wa michongoma, na mgeni akija mbio lazima pindo la khanga linaswe kabla hajafika mlangoni. Ndivyo ilivyo. Saiklofilini B mwanzoni mwa mnyororo wake ina asidi amino tatu za aina ya laisini zilizofuatana, kila moja na chaji chanya, na hizo ndizo pindo la khanga. Chanya inanaswa na hasi. Saiklofilini A haina kipande hicho cha mwanzo, na ndiyo maana hainaswi kwenye michongoma hiyo kwa namna ileile.

Tena si mwiba wowote. Fabrice Allain na wenzake wa Lille walionyesha kwamba protini inachagua: inataka minyororo iliyobandikwa salfeti kwa mpangilio fulani ambao ni adimu. Ua ule kwa macho yetu ni majani matupu, kumbe una maandishi.

Kunaswa kwenye ua hakutoshi. Mtu aliyenaswa kwenye michongoma bado hajaingia ndani. Lazima apige hodi mlangoni. Mlango unaitwa CD147, na wengine huuita basijini. Vyacheslav Yurchenko, Michael Bukrinsky na wenzao waliutambua kuwa kipokezi cha saiklofilini B mwaka 2001, na cha saiklofilini A mwaka 2002. Ni protini inayopita kwenye utando wa seli, na kazi yake ya siku zote ni kuwasaidia wabebaji wa asidi ya laktiki. Na hapa ule ufundi wa bawaba unarudi. Kwenye CD147 kuna prolini, namba 180, ambayo watafiti hao waliona ni muhimu ili mlango usikie hodi. Saiklofilini iliyoharibiwa sehemu yake ya kugeuzia prolini ilishindwa kuita seli. Yaani chombo kilekile ilichokuwa inatumia ndani ya nyumba kulainisha bawaba, nje inakitumia kugonga.

Watu wa Lille wakayaunganisha mawili hayo mwaka 2007. Protini inayobeba ua karibu na mlango ule ni sindekani-1. Ukiinyima seli sindekani-1, au ukiinyima CD147, saiklofilini B inafika na kuita bure: ishara haiendi ndani, seli haisogei. Ua na mlango vinafanya kazi pamoja. Ua unamshika mgeni, unamsogeza, unamkabidhi.

Na ishara ikifika ndani, nini kinatokea? Seli T iliyokuwa inaelea kwenye damu inafunua vishikizo vyake na kung'ang'ania fibronektini, ile protini yenye kunata iliyotandazwa kwenye tishu. Jambo hilo la kushika lilionyeshwa mwaka 2002. Msilidharau. Askari anayepita na mkondo wa damu hana madhara wala manufaa kwa kidole chenye jeraha. Mpaka asimame, ashike ukuta, apenye. Saiklofilini ndiyo mmoja wa wale wanaomwambia: hapa, simama hapa.

Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi maabara tukisikia baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga inavila viungo vya mwili wake wenyewe, hatushangai kusikia kwamba saiklofilini A imekutwa kwa wingi kwenye majimaji ya viungo vilivyovimba. Imekutwa pia imepanda kwenye damu ya wagonjwa ambao maambukizi yamesambaa mwili mzima. Wito ambao ungepaswa kuwa wa dharura umekuwa wa kila siku, na seli zinaendelea kuja. Mwenye goti lililovimba miaka kumi anajua wito usiokoma ukoje.

Waswahili tumesema kikulacho ki nguoni mwako, na kuna mwizi aliyeijua methali hiyo kabla yetu. Mwaka 1993 Jeremy Luban na Stephen Goff, huko New York, walikuwa wakitafuta protini za binadamu zinazoshikana na VVU. Waliyoipata ni saiklofilini. Kirusi kina ganda linalolinda vinasaba vyake, na kwenye ganda hilo kuna kitanzi chenye prolini, namba 90, ambacho saiklofilini A inakikumbatia. Kirusi kinapotoka kwenye seli moja kinaondoka na saiklofilini zetu, takriban moja kwa kila protini kumi za ganda. Kwa nini kijitwishe mzigo? Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ndani ya seli T za binadamu kuna mlinzi anayeitwa TRIM5 alfa, anayetambua ganda la kirusi na kulivunja, na saiklofilini iliyotanda juu ya ganda inamzuia mlinzi asilione. Ukiizuia saiklofilini isishike, mlinzi anaanza kazi. Protini yetu wenyewe inafanywa shuka la kumfichia mwizi.

Kuna kima mmoja wa Amerika Kusini, wa jenasi Aotus, anayetembea usiku. Mwaka 2004 kundi la Luban lilieleza kwa nini VVU haviwezi kuambukiza seli zake. Zamani sana, katika ukoo wa kima huyo, nakala ya jeni ya saiklofilini A ilijichomeka katikati ya jeni ya mlinzi TRIM5. Ajali. Lakini ajali hiyo ikatengeneza mlinzi mpya mwenye mkono wa saiklofilini: kirusi kinapokuja na kitanzi chake kikitafuta shuka, kinashikwa na mkono wenye panga. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanisisimua. Na mnajua ukiweka saiklosporini kwenye seli za kima huyo kinatokea nini? Mkono unaachia, kirusi kinapita. Dawa ya kaka yangu inajibana palepale panaposhika kirusi.

Nikirudi kwenye mlango, ule wa CD147. Mlango huo upo pia kwenye seli nyekundu za damu, na mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinautumia kuingilia. Kina protini inayoitwa RH5, na RH5 inashika CD147. Vimelea vya aina zote za falciparum vilivyojaribiwa vilihitaji mlango huo. Katika malaria hilo ni jambo la nadra, maana kimelea hiki kimezoea kuwa na funguo nyingi. Ukimfungia mlango mmoja anapita mwingine. Hapa hana mwingine.

Na habari hii haikuishia Uingereza. Chanjo iliyotengenezwa Oxford ili kufundisha mwili kuikamata RH5 ilijaribiwa Bagamoyo, hapohapo kwetu, na Taasisi ya Afya ya Ifakara, kwa watu wazima, kwa watoto, na kwa watoto wachanga. Waliotoa kingamwili kali kuliko wote walikuwa wale wachanga, na watoto wadogo ndio malaria inawaua zaidi. Sisemi kwamba chanjo hiyo imekwisha kufika zahanati. Nasema kwamba mama wa Bagamoyo aliyempeleka mwanawe kwenye utafiti ule ameshiriki katika elimu ya mlango uleule ambao saiklofilini inapigia hodi, na anastahili kuambiwa hivyo kwa Kiswahili chake.

Wakati wa korona ilienea habari kwamba kirusi kile nacho kinaingilia CD147. Waliokuja kupima kwa makini hawakuona protini ya miiba ya kirusi ikishikana nao. Nalitaja kwa sababu bado nakutana nalo likisambazwa.

Baadhi yenu mtauliza: kama saiklofilini ina makosa yote haya nje ya seli, kwa nini isitafutwe dawa ya kuizuia bila kuigusa kalsinyurini, ili mtu asipoteze kinga? Imetafutwa. Alisporivir ni mojawapo, saiklosporini iliyorekebishwa kidogo ili ishike saiklofilini lakini muungano wao usiikalie kalsinyurini. Ilijaribiwa kwa homa ya ini aina ya C, kwa kuwa kirusi cha homa hiyo nacho kinahitaji saiklofilini A ili kizaliane, na ilipunguza virusi. Mwaka 2012 majaribio yalisimamishwa baada ya baadhi ya wagonjwa kuugua kongosho, na punde dawa nyingine za homa ya ini zikaja na kuchukua nafasi. Kwangu mimi wazo lenyewe halijafa. Goti la baridi yabisi halihitaji kunyamazisha seli T zote za mwili. Linahitaji wito wa nje ukome.

Na kwa kaka yangu? Dawa yake inafanya yote mawili, na zaidi. Ndani inaifanya saiklofilini A kuwa kufuli la kalsinyurini. Wakati huohuo inaitoa saiklofilini B kwenye karakana yake, itoke nje ya seli. Kalsinyurini nayo haimo kwenye seli T pekee, imo kwenye figo, imo kwenye mishipa ya damu. Ndiyo maana dawa hiyohiyo inayoilinda figo inaweza kuiumiza ikizidi, ikapandisha shinikizo la damu, ikavimbisha ufizi, ikaotesha nywele pasipotakiwa. Wapo mnaotumia takrolimasi badala yake. Hiyo haipiti kwa saiklofilini, inapita kwa protini nyingine inayoitwa FKBP12, lakini inachokikalia ni kilekile, kalsinyurini, kwa hiyo figo inataka ulinzi uleule.

Muda wangu unakwisha na naona mkono wa mama pale nyuma. Ameuliza kuhusu dawa za kifua kikuu, na ninamshukuru, maana swali hilo lingefaa kuwa la kwanza. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inaliamsha ini livunje saiklosporini haraka kuliko kawaida. Mtu anameza kiasi kilekile, saa zilezile, lakini kwenye damu dawa inapungua mpaka haitoshi kuzikalia kalsinyurini zote, na seli T zinaamka. Takrolimasi vilevile. Kwa hiyo aliyepandikizwa figo akigundulika na kifua kikuu, asiache dawa yoyote na asianze yoyote kabla daktari wa figo na daktari wa kifua hawajazungumza, kwa sababu ipo njia: zipo dawa za kuchagua, na dozi inapimwa upya kwa damu. Balungi ni kinyume chake, linazuia dawa isivunjwe, ikazidi. Chungwa tamu la kawaida kuleni.

Na damu hupimwa kabla ya kumeza, mama, si baada. Wengi wanakosea hapo, wanameza nyumbani kisha wanakwenda kupimwa, na kipimo kinatoka juu kwa uongo. Kaka yangu ana kipimo kesho. Ameshaniambia atatoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri bila kumeza, vidonge vyake atavifunga kwenye leso pamoja na kipande cha mkate, na sindano ikishatoka mkononi atavimezea palepale kwenye benchi. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake nimeshika chupa ya maji.